Vijiti Kumi vya Naviundu

Zilibaki siku tatu kufika siku ya posho, Myriam binti wa Aaron alipopiga hodi kwa Mukuka, mtaa wa Naviundu, mikononi kabeba katoni ya sabuni iliyofungwa kwa kamba ya mpira. Kwa asiye wa Lubumbashi, siku ya posho ni Jumamosi. Zamani ndiyo siku familia za wafanyakazi wa migodi zilipopanga foleni kugawiwa unga, maharagwe na samaki wakavu. Posho yenyewe ilikwisha kitambo, lakini jina limekataa kufa, na wazee wakilitamka bado wanasikia harufu ya unga mpya.

"Papa Mukuka, jambo," alisema Myriam. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti. "Papa ananituma. Anasema hii bintu ni ya kwenu."

"Papa yako iko na miguu. Sababu gani haleti yeye mwenyewe?"

"Anafunga mizigo. Siku ya posho anapanda treni, anarudia kwetu Kongolo." Myriam akaiweka katoni kwenye kibaraza. "Anaenda moja kwa moja, Papa Mukuka. Hatarudi tena."

Mukuka hakusema aksanti, hakusema karibu. Alisimama tu na fulana yake ya kazi, fundi umeme mstaafu wa miaka sitini na mitatu, akamwangalia yule binti mpaka akatokomea kwenye kona. Miaka kumi na moja hakuwa amesema neno na Aaron. Alishajiambia mara elfu kwamba hajali. Sasa anaambiwa mtu mwenyewe anahama mji, na ugomvi wao ataondoka nao hivyo hivyo kama ulivyo, na moyo ukamlipuka pa! Kumbe alikuwa anajali, tena sana.

Alijua kilichomo ndani kabla ya kukata kamba. Vijiti kumi, kila kimoja ukubwa wa kiberiti cha gesi, na kile kisanduku chenye matundu ya kuvichomekea. Vijiti vya kuchimba bitcoin, pesa ya mtandaoni. Saba vilikuwa vimepigwa msalaba kwa rangi ya kucha. Vitatu vilikuwa safi, na juu yake kikaratasi chenye mwandiko wa Aaron uliolala upande: *Hizi tatu ni nzima. Usichomeke kwa ordinateur moja kwa moja. Tumia kisanduku.*

"Ananifundisha umeme, miye!" Mukuka akabwata peke yake. Lakini alikuwa ameshaketi.

Acha nikurudishe nyuma kidogo, maana hawa watu wawili walikuwa pete na kidole. Aaron alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu hapo hapo Naviundu, mtu wa kabila la kaskazini, baba yake alikuja na reli na rozari shingoni. Mukuka babu yake alichimba na kusukuma vigari mgodini, baba yake aliungua nyusi kwenye tanuru la shaba, na yeye mwenyewe alivuta nyaya za umeme maisha yake yote. Mwaka elfu mbili na kumi na nne mdogo wa Aaron akatuma vijiti kumi kutoka Johannesburg, na maneno ya kusisimua kwenye simu: hivi navyo vinachimba, lakini bila shimo, bila baruti, bila kofia ya chuma. Vinapiga mahesabu tu, na kompyuta za dunia nzima zinashindana nani apatie kwanza.

"Babu yangu alichimba amepiga magoti," Mukuka alisema siku hiyo, akijinyoosha kwenye kochi. "Baba yangu amesimama. Miye nitachimba nimekaa."

Iliwachukua wiki tatu kukiwasha kijiti cha kwanza. Siku taa ya kijani ilipong'aa, jamani, walikumbatiana! Aaron alitoka mbio kununua bia, wakanywa, wakamwita jirani aje aone. Taa ikawaka siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, haikatiki, na kwenye skrini hakuna hata namba moja iliyosogea. Siku ya nne Aaron, aliyekuwa akisoma maelezo ya Kiingereza na kamusi mapajani, akafunga kamusi taratibu. "Mukuka," akasema, "taa ikiwaka ni kwamba mashine imelala. Ikifanya kazi, taa inazima." Annie, mke wa Mukuka, alicheka hadi akashika ukuta. Watu wazima wawili wamemnywea bia mlinzi aliyesinzia! Ile kejeli iliwafuata mwaka mzima, na wao wenyewe ndio walioisimulia zaidi ya wote.

Zilikuwa siku tamu. Programu ilidai kila mchimbaji apewe jina la kazi. Mukuka akaandika namba yake ya mgodini, Aaron akaandika namba ya marehemu baba yake wa reli. Kwa hiyo kila jioni skrini iliwaonyesha fundi mmoja na marehemu mmoja wakichimba bega kwa bega, na Aaron aliapa kwamba baba yake ndiye anayefanya kazi zaidi. Faida yenyewe ilikuwa kiduchu, haifiki hata pesa ya chumvi. Nani alikuwa anajali? Vijiti vilipangwa juu ya bufe, lile kabati la vyombo sebuleni, karibu na televisheni, na mtu yeyote aliyepita aliambiwa, "Ule ni mgodi wetu."

Kisha vikaanza kufa. Mukuka wakati huo alikuwa akifanya kazi ya umeme huko mgodini Kinsevere, anarudi nyumbani mwisho wa wiki, na Aaron ndiye aliyepita jioni katikati ya wiki kuviangalia. Kila Mukuka akirudi anakuta kimoja kimekufa. Kimoja, viwili, vinne. Akaanza kuhesabu nani anaingia na kutoka nyumbani kwake, na hesabu ikamtua Aaron. Siku moja ya mwezi wa nane alirudi mapema bila taarifa, akamkuta Aaron ameinama juu ya bufe, mkono kwenye vijiti, harufu ya plastiki iliyoungua imejaa sebuleni. Annie alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Njo weye!" Mukuka alipiga kelele, yaani ndiye wewe, majirani wakasimama kwenye ua. "Njo weye unaharibu! Kijicho! Unaona miye niko na kazi, weye unakaa na masimu ya bantu!"

Aaron alimtazama Annie. Kisha akatazama sakafu, akanyamaza. Kwa Mukuka, kunyamaza kule kulikuwa ni kukiri. Akazikusanya zile takataka zote kwenye katoni, akamsukumia kifuani. "Usikanyage tena hapa. Hata siku ya kilio, usikanyage!"

Na Aaron hakukanyaga. Miaka minne baadaye Annie alipofariki, watu walijaa ua mzima, walilala kwenye mikeka, na Aaron hakuonekana. Katika mji huu mtu atasamehewa mambo mengi, lakini kukosa kilio, hapana. Mukuka alilifunga lile jambo moyoni na kulipigilia misumari.

Sasa, Jumatano hii, alivaa miwani akafungua laptopu, ordinateur ya binti yake Bijou. Kwa ukaidi tu alichomeka vijiti viwili moja kwa moja kwenye laptopu, ili amkomeshe Aaron na kikaratasi chake. Laptopu ikamletea onyo kwamba vinakunywa umeme kupita kiasi, ikayafunga matundu yake. "Bon," akanung'unika, akachukua kisanduku, akakitafutia waya wake wa umeme.

Kompyuta haikuvitambua. Ilidhani ni vitu vingine kabisa, ikabidi aiondoe draiva, ile programu inayoitambulisha mashine, na kuweka nyingine inayoelewana na programu ya kuchimba. Programu nayo ikawa inafungua dirisha jeusi na kulifunga kabla hajasoma hata herufi. Mara tano! Alitukana kwa Kibemba, akatukana kwa Kifaransa, kisha akakumbuka kitu alichokuwa akifanya Aaron: kuiamuru programu isifunge dirisha mpaka mtu abonyeze. Hapo ndipo aliposoma sababu. Anwani ya kundi la wachimbaji walilokuwa nalo zamani haikuwepo tena duniani. Akatafuta nyingine, ya wale wanaochimba kila mtu peke yake kwa bahati nasibu. Akaandika namba yake ya mgodini. Vidole vikasita kidogo, kisha akaandika ile ya baba yake Aaron, ambayo alishangaa kuona bado anaijua kwa kichwa.

Taa tatu za kijani zikang'aa. Akasubiri. Moja ikazimika. Ya pili. Ya tatu.

"Imezima!" Mukuka akapaza sauti. "Bijou! Imezima!"

Bijou alikuja mbio kutoka jikoni. "Courant imekatika tena, Papa?"

"Hapana! Iko inafanya kazi!"

Bijou, msichana wa miaka ishirini na sita aliyekwisha kuzoea vituko vya baba yake, alimtazama, akatazama vijiti visivyo na taa, akarudi kwenye sombe yake, kisamvu kilichokuwa jikoni. Mukuka alibaki pale akitazama namba zikipanda. Alijua vizuri kwamba siku hizi wachimbaji wakubwa wana maghala ya mashine, na vijiti vyake vitatu vingechimba mpaka mjukuu wa mjukuu wake azeeke bila kuona kitu. Haikumhusu. Namba mbili zilikuwa pamoja tena kwenye skrini, na hamu ya rafiki yake ilimjaa. Alitaka Aaron awe pale, amcheke, amwambie umekosea hapa na hapa.

Alhamisi asubuhi aliviacha vinachimba, akaenda shambani kwake upande wa Annexe, pembezoni mwa mji, kumwagilia kabichi. Aliporudi adhuhuri, harufu ilimpokea mlangoni. Aliijua. Kwenye skrini, mbele ya vijiti viwili, programu ilikuwa imeandika zombi, ndilo jina inalokipa kijiti kisichoitika tena. Kijiti cha tatu kilikuwa kinatoa majibu ya makosa tupu. Na juu ya bufe, vijiti vyenyewe havikuonekana. Vilikuwa vimefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheupe cha kroshe, kizito, chenye maua pembeni. Mukuka akakivuta. Kilikuwa cha moto kama mkate unaotoka jikoni.

"NANI AMEFUNIKA?"

Bijou alitokea na ufagio. Alipouona uso wa baba yake aliacha ufagio ukaanguka, akarudi nyuma hatua mbili, mikono akaiweka mgongoni.

"Ni mavumbi, Papa. Nilifagia... Pardon, Papa. Kintu ya courant inafunikwa asubuhi, Mama njo alinifundisha."

Na ni kweli. Ingia nyumba yoyote ya heshima Lubumbashi wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linapoingia hadi kwenye sukari: televisheni imevikwa kitambaa, redio imevikwa, hata simu ya mezani isiyolia tangu enzi za marehemu babu imevikwa. Mwanamke anayeacha mashine uchi, watu wanamsema.

"Na zile za zamani?" sauti ya Mukuka ilishuka yenyewe. "Zile za Papa Aaron?"

"Alikuwa anafunika pia. Kila siku, wakati uko kazini. Hiki kitambaa aliifuma kwa sababu ya zile." Bijou alikuwa bado amejibana ukutani. "Alitaka mgodi yenu ikae muzuri."

Mukuka aliketi na kitambaa mapajani. Mashine inayochemka hivyo inataka upepo, inataka feni, na Annie wake alikuwa akiilaza kila asubuhi na kuifunika blanketi! Hakumkasirikia. Alimwona akifuma jioni, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, akihesabu mishono kwa ajili ya kichezeo cha mume wake. Alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Kisha akaelewa upande wa pili: amemwita rafiki yake mwenye kijicho mbele ya mtaa mzima, kwa kosa lililotoka chini ya paa lake mwenyewe.

Ijumaa asubuhi kiburi kilimshikilia kitini. Aaron atasema nini? Atanicheka? Atanifungia mlango? Saa tisa akainuka. Treni ni kesho, alijiambia, kesho utamwomba pole nani, kituo?

Aaron alikuwa amepanga chumba kimoja huko Annexe. Mlango ulikuwa wazi, godoro limekunjwa, masufuria yamefungwa kwenye shuka. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi juu ya sanduku, amekonda, kichwa cheupe pe.

"Odi."

Aaron aliinua macho. Hakushtuka. "Karibu. Viti nimegawa. Kaa kwa gunia."

Mukuka hakukaa. "Ilikuwa kitambaa," akasema.

"Ee. Ilikuwa kitambaa."

"Ulijua?"

"Ile siku njo nilijua. Nilifika mapema nikakuta vimefunikwa, moto sana. Nikatoa kitambaa, nikaikunja. Mulamu wangu Annie akaniuliza: 'Mulamu, ni miye ninaharibu?' Mbele nijibu, sijafungua kinywa, weye ukaingia."

Pole yote aliyoipanga njiani ilimtoka Mukuka kichwani. "Na ukanyamaza!" akafoka. "Miaka kumi na moja, Aaron! Neno moja tu! Nilikutukana mbele ya bantu, nilikufukuza, hata kwa kilio ya Annie haukufika..."

"Nilifika. Ulisema nisikanyage. Nilisimama barabarani siku zote tatu." Aaron alisema hivyo bila kinyongo, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Lakini ona sasa. Umekuja kuniomba pole, na uko unanipigia kelele."

Mukuka akakaa kwenye gunia.

"Ilikuwa kitambaa tu," akasema, safari hii taratibu. "Ningekasirika siku mbili, ingepita."

"Kwako ingepita." Aaron alikuwa akiviringisha kamba ya mzigo kwenye vidole. "Miye ulinifukuza, nikaenda kwangu, nikalala. Annie angeenda wapi, ndugu? Nyumba yake ilikuwa ile ile, na weye ndani."

Nje watu walikuwa wanapita na madumu ya maji, wanaongea. Mukuka alitaka kubisha. Hakuwahi kumpiga Annie, hata siku moja, Mungu ni shahidi! Alifungua kinywa aseme hivyo, kisha akakumbuka Bijou jana, mikono mgongoni, na kwamba kusimama vile alijifunza kwa mama yake.

"Alikuwa ananiogopa?"

"Alikupenda sana."

"Aaron. Nakuuliza kitu kimoja. Alikuwa ananiogopa?"

Aaron aliiacha kamba ya mzigo. Hakuwa mtu wa kumuumiza mwenzake, lakini safari hii hakuweza kumficha. "Ee, ndugu yangu," akasema. "Alikuogopa."

Mukuka alilia kama hajawahi kulia hata kwenye kilio chenyewe. Aaron alisogeza sanduku lake karibu, akamshika bega, wakakaa hivyo. Baadaye Mukuka aliomba pole, akaomba tena, Aaron akamwambia inatosha, asije akamlowanishia godoro. Walicheka kidogo. Wakafunga mizigo iliyobaki, na kila fundo walilibishania, Mukuka akisema ni legevu, Aaron akisema ni la mtu wa reli.

Jumamosi walikuwa kituoni mapema. Myriam alikuwa amepika kuku wa njiani, Mukuka amebeba godoro begani na kukataa kusaidiwa. Treni ilipoanza kusogea, Aaron alitoa kichwa dirishani.

"Utakuja Kongolo?"

"Nitakuja! Mwezi wa kumi!"

"Kuja. Lakini hasira yako iache huku huku!"

Mukuka alipunga mkono mpaka behewa la mwisho likapotea. Kisha akarudi Naviundu kwa miguu, polepole, moyo mzito na mwepesi kwa wakati mmoja. Alipokaribia kwake alisikia kicheko. Bijou alikuwa uani na jirani yake Claudine, wanasimuliana kitu, na alikuwa akicheka kwa sauti kubwa, kicheko cha mama yake kabisa, kile cha kushika ukuta. Mukuka hakuwa amekisikia miaka mingi. Alitabasamu, akasukuma geti. Bawaba zikalia.

Kicheko kikakatika papo hapo. Claudine akaaga haraka haraka. Bijou akaokota ndoo ambayo hakuwa na kazi nayo, akainamisha kichwa.

"Karibu, Papa," akasema.

Mukuka alisimama pale getini na kofia mkononi, hakujua aingie vipi.